Mwili unauma mwaka mzima na vipimo havionyeshi kitu

Pole sana dada. Unasema mapaja na mabega yanauma tangu mwaka jana, umetibiwa taifodi mara tatu huko Kayole, na sasa mumeo anadhani unajifanya. Hujifanyi. Mimi nilifika mahali nikashindwa kushika chuma cha matatu. Nilikuwa nangoja gari lenye kiti ndipo nipande.

Taifodi mara tatu na homa huna? Mwombe daktari vipimo vingine: CK, ambayo hupanda misuli ikiharibika, ESR au CRP, ambazo hupanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, TSH ya tezi ya shingo, na vitamini D. Kama unameza statini za kolesteroli, mwambie, maana zinaweza kuumiza misuli. Usiziache mwenyewe.

Vyote vikitoka sawa, bado unaumwa. Huenda ni fibromayaljia, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili, nayo haionekani kwenye damu wala eksirei. Daktari huitambua kwa maumivu yaliyoenea mwilini miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu na usingizi usioburudisha. Omba rufaa kwa mtaalamu wa rumatolojia, yaani daktari wa magonjwa ya viungo na misuli. Ni wachache na foleni ni ndefu, kwa hivyo beba chai.

Kwa sasa nunua daftari, uandike wiki mbili: pameuma wapi, saa ngapi, ulilalaje. Langu lilijaa madoa ya mafuta ya kupikia, lakini daktari alilisoma lote.

Ila ukishindwa kuinuka kitini kwa kukosa nguvu, au mkojo ukiwa rangi ya strungi, usingoje kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.