Uoto, anuwai au bayoanuwai?

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii hapa Moshi. Naandaa kipeperushi kwa ajili ya wageni wa ndani ninaowapeleka Mto Pangani, chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Niliandika: "Makazi ya mamba yana uoto tofauti tofauti." Mwenzangu akafuta, akaandika: "Makazi ya mamba yana bayoanuwai ya mimea." Nani kapatia?

JIBU: Ndugu yangu, nyote mmekaribia, ila kila mmoja kashika neno lisilobeba alichokusudia.

Nianze na lako. Uoto umetokana na kuota, nao ni mimea yote ya mahali ikitazamwa kwa pamoja, kama blanketi lililofunika ardhi. Hauhesabu aina. Nenda Ziwa Jipe, upande wa Mwanga, uone ukingo ulivyozibwa na magugu marefu ya majini. Uoto pale umeshona, lakini ni mmea uleule hatua baada ya hatua. Kwa hiyo mahali panaweza kuwa na uoto mwingi na aina chache. Neno tofauti nalo linadai ulinganisho: mmea huu ni tofauti na ule. Kama nia ni kusema aina ni nyingi, mimea mbalimbali inatosha kabisa, na mgeni yeyote ataelewa.

Mwenzako amechukua neno kubwa kuliko kazi. Bayoanuwai inabeba viumbe hai wote: mamba mwenyewe, perege, kenge anayefukua mayai ya mamba, mpaka vijidudu vya kwenye tope. Ukishataja mimea peke yake, sema anuwai ya mimea, au mimea anuwai. Asili ya neno anuwai ni Kiarabu, wingi wa neno lenye maana ya aina, na likitumika kama kivumishi halipokei kiambishi: mimea anuwai, samaki anuwai, vitabu anuwai.

Lakini kinachonisumbua zaidi katika kipeperushi chenu ni kwamba hakuna mmea hata mmoja uliotajwa kwa jina. Tunakimbilia neno la jumla wakati Kiswahili kina majina, tena yenye mpango wake. Miti ya ukingoni iko katika ngeli ya M/MI: mkuyu, mkindu, mkwaju, mgunga. Mingi ya mimea inayokaa majini iko katika JI/MA, na kwa kawaida tunaitaja kwa wingi: matete, mafunjo, magugu, mayungiyungi. Si kanuni isiyovunjika, maana nyasi zimo kotekote, ila ukiusikiliza upatanisho, "mikuyu imeinama" na "matete yameinama", unajua umesimama wapi.

Na badili kiambishi uone neno linavyozaa. Mkuyu unazaa makuyu, mkwaju unatoa ukwaju, na majani ya mkindu ni ukindu, unaochanwa na kusukwa ukili wa mkeka. Simama chini ya mkuyu wakati wa matunda. Makuyu hayaning'inii kwenye ncha za matawi, yameshikana mafungumafungu kwenye shina na matawi manene. Ukipasua moja lililoiva utakuta vijidudu vidogo mno ndani yake. Mambo kama hayo ndiyo mgeni atakayorudi nayo nyumbani.

Neno moja zaidi, magugu. Gugu ni mmea ulioota pasipotakiwa, kwa hiyo jina lenyewe ni hukumu, na kwa mamba hukumu hiyo ina uzito. Jike huchimba shimo kwenye mchanga penye jua, hutaga mayai kati ya 25 na 80, kisha huyalinda kwa takriban miezi mitatu. Joto la mchanga ndilo linaloamua vifaranga wawe madume au majike. Huko St Lucia, Afrika Kusini, gugu lililotoka bara la Amerika lilitanda juu ya maeneo ya kutagia, kivuli chake kikapoza mchanga kiasi cha kutishia uzazi wa mamba. Kwa hiyo mkiandika tu kwamba mimea ni mingi, msomaji atadhani kila kijani ni neema kwa mnyama huyu. Anahitaji pia mahali palipo wazi, pasipoota kitu, na kipeperushi kipataje.

Ningeandika hivi: "Kando ya mto huu mamba huishi kati ya mimea anuwai: mikuyu na mikindu ukingoni, matete na mafunjo majini, na pale penye mchanga mtupu, unaopigwa na jua, jike hufukia mayai yake." Kama kuna mti mnaoupita kila siku na jina lake hamlijui, waulizeni wavuvi wa bwawani kabla hamjapeleka kazi kwa mchapaji.