Shela na vilima vyake: gari tuache wapi?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi na mume wangu tunataka kupeleka watoto Shela kule Lamu mwezi wa nane shule zikifungwa, tunatoka Nakuru na gari letu. Tumeona picha za vile vilima vya mchanga, je tunaweza kufika hapo na gari? Na watoto wataogelea? – Mama wawili, Nakuru

JIBU: Karibuni pwani mama. Gari sahauni, barabara inaishia Mokowe huku bara, mnaliacha hapo mnapanda boti mpaka Lamu mjini, kisha Shela ni kama kilomita 3 hivi, boti tena au miguu kando ya bahari, ila mkitaka kutembea ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi maana yakijaa njia yenyewe haipo. Kijijini ni vichochoro tu, mizigo anabeba punda.

Haya, vilima. Mkishapita hoteli ya Peponi (ipo tangu 1967) ufuo unaanza, unaenda kama kilomita 12, na vilima viko nyuma yake mwanzo mwisho. Wageni wanaona ni mchanga wa kupigia picha, kumbe ndio tangi la maji la Lamu, mvua ikinyesha mchanga unaimeza haraka jua halijawahi kuikausha, maji matamu yanakaa chini yakielea juu ya yale ya chumvi, na visima vya Shela vinayachota hapo mpaka mjini wanakunywa. Ndo maana mtu akitaka kujenga huko juu wenyeji wanakuja juu, na mi naona wana haki. Nyie pandeni kwa miguu, asubuhi mapema, saa sita mchanga unaunguza.

Na hapo ndipo vita vya Shela vilipopiganwa mwanzoni mwa miaka ya 1800, watu wa kisiwa jirani cha Pate na akina Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walikuja kuipiga Lamu wakashindwa, kukimbilia mashua wakakuta maji yamekupwa zimekwama! Wasimulieni watoto.

Kuogelea sasa, mwezi wa nane bado ni kusi, upepo mkali, na ufuo ule umetazama bahari kuu, hauna mwamba wa kuzuia mawimbi. Watoto wabaki upande wa kijijini maji yakiwa yametulia, wasiende mbali. Januari na Februari bahari ni nzuri zaidi ila najua shule ni shule.

Ah na mkirudi kutoka ufuoni jifungeni leso, msipite vichochoroni na nguo za kuogelea, msikiti wa Ijumaa wa tangu 1829 uko hapo hapo katikati ya watu.