Jibu: mdogo wangu yuko mwezi wa tano wa dozi ya TB ya ubongo na hali inashuka

Dada pole sana. Umesema kichwa bado kinamuuma, anatapika, na hakuna kipimo kilichowahi kuonesha mdudu wa TB. Nimepita hapo hapo na mwanangu, alikuwa na miaka 8, tuko Hombolo hapa Dodoma.

Yeye kichwa kilikuwa kinambana asubuhi, anatapika, baadae jicho moja likaanza kuangalia puani. Wakamtoa maji ya uti wa mgongo, protini iko juu sana, GeneXpert, kile kipimo cha kutafuta mdudu wa TB, haikuona kitu. Dokta akamwanzishia dawa za TB pamoja na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na hapo simlaumu kabisa, TB ya ubongo ukiisubiri inaua na GeneXpert kutomwona mdudu haina maana hayupo. Wiki mbili za kwanza mtoto akaamka, akala, akatoka nje kucheza, tukajua dawa zimeshika. Kumbe ni ile prednisoloni tu ilikuwa inashusha uvimbe, walipoanza kuipunguza kila kitu kikarudi mpaka akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni, na mimi kila kliniki naambiwa mama vumilia, dozi ni miezi 12. Nikavumilia miezi 7 mtoto anaisha naona. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Kuna dokta mwingine ndo akauliza, mgongo mmepiga picha? Tulikuwa tumepiga kichwa tu. Ikafanyika MRI ya kichwa na mgongo wote, ile ya kuchomwa dawa kwenye mshipa, utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo unang'aa kuanzia chini ya ubongo mpaka kiunoni. TB nayo inang'aa hivyo hivyo, ila kulikuwa na vijifuko vidogo vidogo vya maji na hivyo ndo vikamtia shaka. Dar wakachukua kinyama cha kupima kwenye utando wa mgongo, jibu likaja DLGNT, uvimbe (tumor) adimu unaotambaa kwenye utando, mara nyingi bila donge kubwa la kuonekana, WHO wameuweka kwenye orodha yao ya tumor za ubongo 2016. Seli zake mara nyingi hazionekani kwenye yale maji, kwa hiyo hata wangeyatoa mara kumi huenda tusingejua.

Dawa usimwachishe mwenyewe tafadhali, bado inaweza kuwa TB kweli. Ila muulize dokta wake ushahidi wa TB ni upi, na kama hakuna, omba MRI ya mgongo na umuulize kuhusu kinyama. Beba picha zote za zamani wazilinganishe. Hizo za mgongo zikitoka niandikie wamesema nini.