Mto unamega shamba: maswali yenu kuhusu kupanda vipandikizi kingoni

Masika yakikaribia, maswali ninayopokea kwa wingi ni ya vijito vinavyokula mashamba, na kuvizuia kwa vipandikizi, yaani matawi yanayokatwa na kuchomekwa ardhini yaote. Haya ni machache yanayowahusu wengi.

Shikamoo bwana shamba. Kijito kimenimegea shamba la maharage, na kila mvua kinasogea. Naambiwa nikate matawi ya mkuyu niyachomeke ardhini. Yanaota kweli? (Msomaji wa Mgeta, Morogoro)

Marahaba. Yanaota, ukiyakata kwa wakati wake. Kata mwisho wa kiangazi, mvua ikiwa mlangoni na majani mapya hayajatoka, maana wakati huo tawi bado limeshika akiba yake ya chakula. Mkuyu unafaa sana, pamoja na ndugu zake wanaotoa utomvu mweupe. Mwamba-ngoma nao, ule wa maua mekundu na miiba, unashika vizuri.

Chagua tawi lililokomaa, nene kuliko kidole gumba, la urefu wa mita moja au zaidi. Ncha ya chini ikate mshazari na ya juu ikate bapa, ili usije ukapanda kichwa chini. La mkuyu liweke kivulini kwanza mpaka utomvu ukauke pale ulipokata. Kisha, tafadhali, usiligongelee kwa nyundo. Gome likichubuka, mizizi inakosa mahali pa kutokea. Toboa shimo kwa mtaimbo, zamisha tawi mpaka theluthi mbili ziwe chini, jaza udongo, mwaga maji, kanyagia kwa kisigino. Jaribu kulivuta kwa vidole viwili. Likitikisika kuna uwazi chini, na mizizi itakayotokea humo itakauka. Shindilia tena.

Tulipanda mwaka jana, mafuriko yakabeba vyote na udongo wake. Tulikosea wapi? (Kikundi cha Lushoto)

Nadhani mlipanda juu wakati mto unachimba chini. Kesi nyingi ziko hivyo. Maji hula mguu wa ukingo, udongo wa juu unabaki unaning'inia, halafu siku moja unadondoka na miti yake. Tazameni kona ya mto: upande wa nje ndiko maji yanakopiga, upande wa ndani yanaacha mchanga. Nguvu zenu zipelekeni upande wa nje, na muanzie chini.

Wakati maji yamepungua, fungeni matawi mabichi kuwa matita marefu, myalaze mguuni mwa ukingo kufuata mkondo, myafukie nusu na kuyabana kwa vigingi. Yatanasa tope, na yale ya miti inayochipua yatatoa mizizi humo humo. Penye mawe, pangeni mawe mbele ya matita. Ukingo uliosimama kama ukuta uchongeni kwanza upate mteremko, ndipo mpande vipandikizi kwa safu zinazopishana, karibu mita moja kati ya kimoja na kingine. Katikati yake wekeni matete au mabingobingo, kwa sababu nyasi hushika udongo wa juu mapema, miti ikiwa bado inajenga mizizi.

Kama ukingo ni mrefu kuliko mtu na maji yanachimba chini kuliko mizizi itakavyofika, vipandikizi peke yake havitauzuia. Hapo waoneni wataalamu wa bodi ya maji ya bonde lenu kabla ya kupoteza masika nyingine.

Mkaratusi unakua haraka na una soko. Kwa nini nisiupande mtoni? (Msomaji wa Murang'a)

Kwa sababu unakunywa maji mengi, na chini yake nyasi za kushika udongo huwa haba. Kenya ililiona hilo: mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji iondolewe. Upande mbali, kwenye kilima kikavu.

Mbuzi wanatafuna kila kinachochipua. (Mama wa Same)

Pole, mama. Huo ndio ugomvi mkubwa wa kazi hii, kuliko hata mafuriko. Zungushieni miiba kwa misimu miwili ya mwanzo, na mkubaliane kijijini njia moja tu ya mifugo kushuka kunywa, mahali penye mawe. Bila makubaliano hayo mtakuwa mnawapandia mbuzi chakula.

Sheria inaniruhusu kulima hadi wapi? (Msomaji wa Moshi)

Tanzania, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinalinda mita 60 kutoka ukingoni dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Kenya ni kati ya mita 6 na 30. Najua milimani mita 60 zinaweza kuwa shamba lote la familia. Hata hivyo jembe linalofika ukingoni ndilo linaloanza kuulegeza, kwa hiyo rudi nyuma kadiri unavyoweza, na uanze kwa kuacha kulima mistari ya karibu na maji.

Mkuyu pekee wa karibu ni wa matambiko, wazee wamekataa usikatwe. (Kijana wa Kisarawe)

Waheshimu, usiuguse. Tena vipandikizi vyote vikitoka kwenye mti mmoja, ugonjwa ukiingia vyote ni dhaifu kwa namna ile ile. Tembea vijiji jirani, omba tawi moja moja kwenye mikuyu tofauti. Ukiingia hifadhi ya msitu, pata kibali kwanza. Yafunge matawi kwa gunia bichi na uyapande mapema, kabla hayajakauka.