Mjanja: sifa au tusi?

Mzee mmoja wa Kiboriloni, Moshi, ananiuliza: “Mwalimu, shikamoo. Tulipeleka mahari ya kijana wetu. Nikabembeleza wapunguze mbuzi, wakapunguza. Mzee wa upande wa pili akatua kata ya mbege, akanitazama, akasema, ‘Wewe mzee mjanja.’ Nimesifiwa au nimetukanwa?”

Marahaba. Kwa Kiswahili nilicholelewa nacho, umetukanwa. Mjanja ni jirani wa laghai na ayari, mtu ambaye akili zake humwachia mwenzake hasara. Hila, hadaa na ayari tulizitoa kwa Waarabu, kwa hiyo maneno ya shughuli hiyo hatukupungukiwa. Mwenye akili asiyemdhuru mtu aliitwa mwerevu. Aliyetuharibia ni sungura wa hadithini: tulimshangilia tangu utotoni, na fisi hakuwa na wa kumtetea.

Kinachonichoma hasa ni ujanjaujanja. Kiswahili kikirudufu neno mara nyingi hulipunguza makali: nguo ya majimaji haijalowa chapachapa, na chai ya baridibaridi bado inanyweka. Sasa wizi nao umepata pa kujificha. Juzi nilinunua kisado cha vitunguu, ile ndoo ndogo ya kupimia, sokoni hapa Arusha, kimejaa mpaka kikaota kilima. Nyumbani nikavimimina kwenye kisado chetu, vikaishia vidole vinne chini ya mdomo. Nikarudi, nikakipindua kile cha muuzaji. Kitako kilipashwa moto kikasukumwa ndani, ukitia mkono unagusa nundu. Muuzaji akajifanya anapanga nyanya. Mama wa meza ya pili ndiye aliyenijibu, tena kwa kicheko: “Baba, biashara bila ujanjaujanja kidogo haiendi.”

Kidogo! Neno limesharudufiwa, bado likaongezewa “kidogo”, na vitunguu vyangu vimebaki kwenye nundu. Mama, huo ni wizi. Mbona hatusemi wiziwizi?

Vijana nimewashindwa. Mjukuu wangu akipata mia ya hesabu, mwalimu wake humwita mjanja, na najua ana nia njema. Huwa nameza mate tu.

Kwa hiyo, mzee mwenzangu, kamusi haitakusaidia. Kumbuka kilichofuata. Kama alikujazia kata, yeye ni wa Kiswahili cha mjukuu wangu. Kama alituma kijana akawahesabu mbuzi upya, basi ni wa rika letu.