Baraka, hiyo divai haijaharibika

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeniuliza mambo mawili: kama ile Bandol, divai nyekundu ya kusini mwa Ufaransa ya mwaka 2021, uliyofungua Ijumaa imeharibika, maana uliinywa na samaki ikakukausha kinywa, na upike nini Jumapili wazazi wa mchumba wako watakapokuja, kwa kuwa zimebaki chupa mbili.

Haijaharibika. Ule ni ukakasi. Unakumbuka ulivyong'ata bibo bichi kwa bibi yako Mtwara, ulimi ukawa kama umepakwa vumbi? Ndio ule ule. Kwenye divai unatoka hasa kwenye maganda ya zabibu, wenyewe wanauita tanini, na zabibu ya Bandol, Mourvèdre, ina ganda nene. Sheria ya Bandol inataka divai nyekundu iwe na Mourvèdre angalau nusu, kisha ikae kwenye pipa la mbao miezi 18. Hata baada ya hapo bado ni changa. Ikifika miaka minane au kumi ndipo inalainika na kuanza kunukia ngozi na majani makavu. Na kwa samaki umeionea, mwanangu. Divai nzito ya namna hiyo ikikutana na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni.

Miaka ile nilipokuwa nafanya kazi jikoni Toulon, mji wa jirani na Bandol, siku za mapumziko nilikuwa napanda hadi Le Castellet, kijiji kwenye mashamba ya divai hiyo. Mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyozungushiwa kuta za mawe, ngazi kwa ngazi, yakitazama bahari. Wenyeji husema Mourvèdre hupenda uso uwe juani na miguu majini. Huchelewa sana kuiva, na huchumwa kwa mkono. Jina la Bandol ni la mji wa bandarini, ambako mapipa yalipakiwa melini, na sheria ya kulilinda ni ya mwaka 1941. Watu wa kule wanaipenda divai hii kama sisi tunavyopenda nazi.

Sasa Jumapili. Pika daube, nyama ya ng'ombe ya kuchemka taratibu. Ukakasi hutulizwa na nyama yenye mafuta na ute wa kunata, kwa hiyo usinunue steki. Mwambie muuza nyama akupe bega na muundi, kilo mbili, vipande vikubwa kama ngumi ya mtoto. Jumamosi asubuhi vilaze kwenye divai nyekundu ya bei ya kawaida pamoja na karoti, vitunguu maji, vitunguu saumu, thaimu na ganda la chungwa. Tafadhali usimwage Bandol kwenye sufuria! Jioni kausha nyama kwa kitambaa kabla ya kukaanga, maana ikiwa na maji haitashika rangi, itachemka tu. Kaanga vipande vichache vichache hadi viwe na kahawia iliyokolea, rudisha ile divai, funika, moto mdogo kabisa, saa nne. Ilaze usiku mzima. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu. Toa nusu, acha nusu. Pasha moto polepole, na zeituni nyeusi zitie dakika 20 za mwisho. Andaa na tambi pana.

Wakikwambia hawali ng'ombe, choma paja la mwanakondoo kwa rozmari na vitunguu saumu. Nalo linapatana na Bandol vizuri sana. Pilipili yetu iache kabatini siku hiyo, kwa sababu kilevi cha Bandol ni kama asilimia 14 na kikichanganyika na pilipili kitawaunguza koo.

Fungua chupa moja saa mbili kabla ya kula, uimimine kwenye jagi pana ipate hewa. Isiwe ya baridi ya friji wala ya joto la jikoni, nyuzi 17 hivi. Ya pili ilaze kabatini, penye giza na ubaridi, usiiguse. Mimi daktari amenikataza pombe, lakini ukija kuifungua baada ya miaka sita nataka niwepo niinuse.

Jumamosi jioni nipigie kwa video kabla hujafunika sufuria, nione rangi ya hiyo nyama.

Mama yako