Njiti ya uzazi wa mpango imewekwa, hesabu ya kuitoa iko wapi?

Safari hii nimeweka pembeni maswali yetu ya kawaida maana zimeingia meseji nyingi juu ya jambo moja, mkakati wa taifa wa uzazi wa mpango, ule unaoandikwa pamoja na gharama zake. Nimekuwa muuguzi miaka mingi kabla sijaanza kukaa kwenye vikao vya mipango na hili jambo naliishi, kwahiyo nikirefusha mnivumilie.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni afisa mipango, nimeingizwa kwenye kikosi kazi cha kuandaa mkakati wa taifa wa uzazi wa mpango wa miaka mitano na tumeambiwa lazima uwe na gharama ndani. Mshauri mwelekezi tuliyeletewa anasema tumpe takwimu tu, yeye atarudi na kitabu baada ya miezi mitatu. Mimi moyo unasita. Tuanzie wapi? – Afisa Mpya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na moyo wako unasita kwa haki. Mshauri anaweza kuwa fundi kweli kweli wa hesabu, lakini kitabu akikiandika peke yake siku akiondoka hakuna mtu hapo wizarani anayeweza kueleza ile namba ya ukurasa fulani ilitoka wapi, na Hazina wakiuliza mnabaki mnatazamana. Mwacheni apige hesabu, ila nyinyi ndo muamue kitu gani kinahesabiwa.

Sasa kuanzia wapi. Msianze na pesa. Anzeni na kujua wanawake wangapi leo wanatumia njia za kisasa, wangapi wanataka kusubiri au kuacha kuzaa kabisa na bado hawatumii chochote, na kinachowazuia ni nini hasa: umbali, uoga wa madhara, mume, mhudumu mwenye maneno makali, au dawa hazipo. Kila kizuizi kina dawa yake na kila dawa ina bei yake, ukikosea kizuizi utanunua shehena ya vidonge wakati tatizo lilikuwa mhudumu. Halafu ndo mnaweka lengo, na lengo liwe linabebeka. Mnakumbuka ule mkutano wa uzazi wa mpango wa London Julai 2012, dunia iliahidi kufikisha watumiaji wapya milioni 120 kwenye nchi 69 maskini zaidi ifikapo 2020, na mwisho wa safari waliongezeka kama milioni 60. Milioni 60 ni wanawake wengi sana na mimi sibezi hata mmoja wao, lakini ni nusu, na nchi nyingi ziliokwenda na ahadi kubwa mkononi zilikuja kukaa chini kuzipigia gharama baadaye. Tanzania walikuwa na mpango wao wenye gharama wa 2010 hadi 2015 hata kabla ya mkutano ule, kwahiyo siyo kitu kigeni wala cha kuogopa.

Hapa kwenye gharama naomba nikae kidogo maana ndipo watu wanapoumia. Chukua wanawake 1,000 wanaotumia sindano ya miezi mitatu. Kwa mwaka hao ni dozi 4,000, mabomba ya sindano 4,000, maboksi ya kutupia sindano zilizotumika, na safari 4,000 za kuja kituoni ambazo kila moja inakula muda wa muuguzi. Wakiwa kwenye vidonge ni pakiti 13 kila mmoja kwa mwaka. Sasa wahamishie hao hao 1,000 kwenye njiti za miaka mitano, vile vipandikizi vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, pesa yote ya bidhaa unailipa mwaka wa kwanza halafu miaka inayofuata stoo inapumua. Ukigawanya kwa miaka njiti inaweza kutoka nafuu, lakini bajeti yako ya mwaka wa kwanza inaruka juu, na kama hukumwandaa mtu wa Hazina ataona umekosea hesabu. Ndo maana mchanganyiko wa njia, yaani wangapi watatumia njia ipi, lazima mkubaliane mapema, tena kwa kufuata wanawake wanachochagua na siyo kilicho rahisi kununua.

Na njiti, jamani, lazima itolewe! Mwaka 2013 bei yake kwa nchi maskini ilishuka toka kama dola 18 hadi dola 8.50 baada ya makubaliano na watengenezaji, ikawa neema, njiti zikawekwa kwa wingi sana. Miaka mitatu minne baadaye tukaanza kuwaona wanarudi. Namkumbuka mama mmoja alifika asubuhi na mapema, kafunga leso juu ya mkono, akanionesha pale ndani ya mkono wa juu, ukipapasa unazisikia njiti mbili zimelala kama vijiti vya kiberiti, anataka zitoke abebe mimba. Ganzi tulikuwa nayo. Wembe wa upasuaji hamna, na mwenzangu aliyefundishwa kutoa alishahamishwa, mimi nilifundishwa kuweka tu. Nikamwambia arudi wiki ijayo, akanitazama na kuniuliza, "Kwani mliponiwekea hamkujua zitatoka?" Sikuwa na jibu. Kwahiyo kwenye jedwali lako kila mstari wa kuweka njiti uwe na ndugu yake wa kutoa: ganzi, wembe, glavu, bandeji, mafunzo, na usisubiri mwaka wa tano kwa sababu wengine watataka zitoke mwaka wa kwanza tu, damu ikiwasumbua au maisha yakibadilika, na ni haki yao siku hiyo hiyo wanayotaka.

Kitu kingine kinachosahaulika ni muda wa kuongea. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuchambua takwimu za nchi 19, uchambuzi ukatoka 2012, ikaonekana karibu wanawake 4 kati ya 10 wanaoanza njia ya muda, yaani siyo ile ya kufunga kizazi, huiacha ndani ya miezi 12, na wengi huacha huku bado hawataki mimba. Huyo ulishamnunulia, ulishamfundishia muuguzi, halafu anapotea kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa hedhi inaweza kubadilika na kwamba akiona haimfai arudi abadilishiwe. Dakika 15 za ushauri zina gharama, ziandikeni.

Pia kaeni na watu wa mikoani, maduka ya dawa, mashirika binafsi, viongozi wa dini, vijana wenyewe, na mtu wa Hazina awepo toka kikao cha kwanza, siyo aletewe namba siku ya mwisho.

SWALI: Habari za kazi dada. Sisi mkakati wetu ulizinduliwa kwa sherehe kubwa na mabango, kitabu kizuri chenye rangi. Mwaka wa pili huu, kituoni kwangu sindano za uzazi wa mpango zimekata zaidi ya miezi miwili. Hizo bilioni zilizoandikwa ziko wapi? – Muuguzi wa zamu

JIBU: Pole sana mwenzangu. Hapa tutofautishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya kila siku: pesa iliyoandikwa kwenye mkakati, pesa iliyopitishwa kwenye bajeti, na pesa iliyotoka kweli. Ya kwanza ni makadirio tu ya mahitaji, haijawa pesa. Ya pili ina kasma yake, yaani fungu lake kwenye bajeti, na bunge limeipitisha lakini bado inaweza kukaa Hazina mpaka mwaka wa fedha unakwisha. Ile ya tatu peke yake ndo inanunua sindano. Na hata ikitoka leo, toka oda iwekwe mpaka mzigo ufike bandarini, upimwe ubora, uingie bohari kuu halafu ushuke mpaka kwako, ni miezi mingi, kwahiyo pesa iliyochelewa robo moja ya mwaka wewe unaisikia mwaka unaofuata. Mara nyingi pia bidhaa inakuwepo bohari kuu kabisa ila hakuna aliyetenga mafuta ya gari la kuishusha, mfadhili kanunua bidhaa, usafirishaji kila mtu akadhani ni wa mwenzake.

Sasa mkononi mwako kuna kitu kimoja kikubwa kuliko unavyodhani, nacho ni ile ripoti ya matumizi ya kila mwezi. Stoo ikiwa tupu matumizi yako yanasomeka sifuri, na yule wa juu anayekadiria akiona sifuri miezi miwili anasema hapa hawahitaji sana, anapunguza. Ukame unazaa ukame. Andika siku ngapi ulikuwa huna, andika wangapi wamekuja wakaondoka mikono mitupu, hata kwenye daftari la kawaida kama fomu haina nafasi, na ulipeleke na ripoti. Nimewahi kuona oda ya wilaya nzima ikirekebishwa kwa sababu ya daftari moja la namna hiyo. Na hao akina mama usiwaache waende hivi hivi, wape kondomu na waeleze njia nyingine uliyonayo, ila usimlazimishe mtu njia kwa kuwa ndiyo iliyobaki kwenye shelfu.

SWALI: Mimi naona haya mambo ni njama ya kutupunguza. Kwanini serikali ipange watoto wangu? – Baba wa Wanne

JIBU: Baba, hofu yako naiheshimu maana kuna nchi watu walishawahi kulazimishwa kweli, siyo hadithi. Ndo sababu mkutano wa dunia wa idadi ya watu na maendeleo, ule wa Cairo wa 1994, ulisimamia kwamba wewe na mwenzio ndo mnaamua idadi na nafasi kati ya mtoto na mtoto, kwa hiari na mkiwa na taarifa. Mkakati mzuri unaipangia serikali kazi, yaani dawa ziwepo, muuguzi awepo, haukupangii wewe watoto. Ukisikia mhudumu kapewa idadi ya watu wa kuwawekea njiti kila mwezi, hapo piga kelele na mimi nitakuwa nyuma yako. Na mkeo akijifungua, wataalamu wanashauri ikae angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine, kwa usalama wake na wa mtoto. Mkitaka wa tano, wa tano ni wenu.

SWALI: Dada tumemaliza kuandika, gharama imetoka kubwa kuliko pesa yote inayoonekana. Tupunguze lengo au tuendelee tu? – Katibu wa kikosi

JIBU: Ikitoka kubwa kuliko mfuko wala sishangai. Msiifiche. Wekeni safu mbili, mahitaji na pesa iliyopo kwa jina la anayeitoa, serikali, mfadhili, familia zenyewe wanaonunua maduka ya dawa, na tofauti ndo pengo lenu la kwenda nalo kuomba. Halafu amueni sasa hivi, kwa maandishi, nini hakikatwi pesa zikipungua. Mimi ningelinda bidhaa na usafirishaji wake, utoaji wa njiti na vitanzi (vile vinavyowekwa ndani ya mfuko wa uzazi), na mafunzo ya wauguzi wa vituo vya mbali, warsha za hotelini zisubiri. Mkiacha bila kuamua, wa kwanza kukatwa huwa ni yule aliye mbali na barabara.

Kila robo mwaka mkae na jedwali lile lile, mtu mmoja mwenye jina asome kilichoahidiwa, kilichotoka na kilichofanyika, mbele ya Hazina na wafadhili pamoja. Katibu, nitumie hilo jedwali kabla halijapigwa chapa, nataka nione kama mstari wa wembe upo.